Kipande baridi hunenepa kwanza: jinsi chuma chakavu kinavyoyeyuka katika tanuru la tao la umeme

Wengi wanapolifikiria tanuru la tao la umeme huona picha hii: umeme mkali unashuka, joto linapanda, chuma chakavu kinayeyuka. Picha hiyo si ya uongo, ila inaruka sehemu yote ambayo sisi wa kazi hii tunahangaika nayo. Kiini cha tao, yaani umeme unaoruka hewani kutoka ncha ya elektrodi hadi kwenye chuma, kinaweza kupita nyuzi 10,000 za Selsiasi. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kwa hiyo ukali wa joto haujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni njia. Joto hilo limebanwa kwenye sehemu tatu ndogo chini ya elektrodi tatu, nguzo za grafiti zinazopitisha umeme, ilhali chuma kimejaa chombo kizima, kingine kimejificha nyuma ya kingine, kingine kimelala pembeni karibu na kuta zinazopozwa kwa maji. Swali letu la kila siku ni moja: joto hili litakifikiaje kile kipande cha mbali kabisa?

Tuangalie hesabu kidogo. Kuitoa tani moja ya chuma kwenye joto la kawaida la hewa hadi nyuzi 1,600, tayari kumiminwa, kunahitaji kinadharia takriban kilowati-saa 380. Robo tatu hivi ya nishati hiyo, karibu 290, hutumika kukipasha chuma kikiwa bado kigumu. Kuyeyuka kwenyewe, ambako chuma hunywa joto bila kupanda hata nyuzi moja, kunachukua kama 70 tu. Kinachobaki ni cha kukipandisha hadi joto la kumimina. Vijana wapya wanapokuja huwa naanza nao hapo, kwa sababu namba hizi hubadilisha namna mtu anavyoziona dakika za mwanzo. Zile dakika ambazo kwa macho hakuna kinachoyeyuka ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Tanuru halisi hula zaidi ya hapo, maana joto hutoroka kupitia moshi, maji ya kupozea na slagi, yaani takataka zilizoyeyuka zinazoelea juu ya chuma. Sehemu ya nishati hutoka kwenye gesi, kaboni na oksijeni tunayopuliza ndani, na ndiyo sababu mita ya umeme mara nyingi husoma kati ya kilowati-saa 350 na 450 kwa tani.

Kuyeyusha vizuri huanza kwenye kikapu cha kupakia chuma chakavu, kabla swichi haijaguswa. Chini kabisa ya kikapu tunaweka chuma chepesi, kipokee kishindo na kulinda sakafu ya tanuru wakati mzigo unapoanguka. Vipande vizito hukaa katikati na chini, mahali ambapo dimbwi la chuma kilichoyeyuka litavifikia mapema. Juu tunarudisha chepesi, ili elektrodi zipate pa kutoboa. Ukiweka kipande kizito juu kabisa, tao litaning'inia hapo likishindwa kushuka, na mionzi yake yote itapiga paa. Nimeona watu wakiulaumu umeme, elektrodi na hata transfoma kwa kuyeyusha pole pole, ilhali kosa lilifanyika kwenye uwanja wa chuma chakavu, kwenye mpangilio wa kikapu.

Unene una uzito kuliko watu wanavyodhani. Chukua tani moja ya bati lenye unene wa milimita moja: pande zake mbili kwa pamoja zina eneo la mita za mraba 250 hivi. Tani hiyohiyo ikiwa bonge moja la mchemraba lenye upande wa nusu mita, eneo lake la nje ni kama mita moja na nusu za mraba. Joto huingia kupitia uso wa nje tu, basi bonge lina mlango mwembamba zaidi ya mara 160 kuliko bati. Lakini bati nalo lina dhambi yake: eneo kubwa huliwa na oksijeni upesi, na chuma ulichonunua kinaishia ndani ya slagi kama oksidi. Mzigo mzuri una mchanganyiko.

Umeme ukiwashwa, elektrodi hushuka hadi zikaribie chuma na tao linaruka. Tangu Mfaransa Paul Héroult alipolijenga tanuru la namna hii karibu na mwaka 1900, kanuni hiyo haijabadilika: tao linapiga moja kwa moja kati ya grafiti na chuma chenyewe. Mwanzoni tunatumia volteji ya chini, tao liwe fupi, kwa sababu liko karibu na paa. Elektrodi zinachimba visima vitatu kwenye rundo la chuma. Zikishazama, kuta za chuma chakavu zinalizunguka tao na kulimeza, na hapo tunafungua nguvu yote: volteji ya juu, tao refu, makumi ya megawati. Mionzi yote inaishia kwenye chuma, hakuna ukuta unaoumia. Kama tanuru lina kipindi cha kupendwa, basi ni hiki.

Ila pia ndicho kipindi cha fujo. Umeme wa kupishana wa 50 Hz unabadili mwelekeo mara 100 kila sekunde, na kila mara tao linakaribia kuzimika. Gesi iliyoko kati ya vyuma baridi haijapata joto la kutosha kubakiza njia ya mkondo, kwa hiyo tao linaruka huku na kule, linakatika, linajishika kwingine. Mkondo wa makumi ya maelfu ya ampea unapanda na kushuka ovyo, na taa zilizo kwenye gridi hiyohiyo zinaweza kupepesa. Kelele yake ni ya kutisha. Kadiri gesi na kuta za kisima zinavyopata moto, tao linatulia, na ngurumo inageuka kuwa mvumo mzito. Fundi mzoefu hujua tanuru limefika wapi kwa kusikiliza tu, na mimi bado naliamini sikio hilo hata pale kompyuta inaponiambia vingine.

Hatari kubwa ya elektrodi iko hapohapo. Ukuta wa kisima ukiporomoka, kipande kizito kinaweza kuigonga elektrodi ubavuni na kuivunja. Kuna adui mwingine mkimya zaidi: kitu kisichopitisha umeme, kama pande la zege lililochanganyika na chuma. Mfumo unaoongoza elektrodi hauoni mkondo, unadhani bado kuna nafasi, unaendelea kuishusha, hadi grafiti inakanyaga zege na kupasuka. Grafiti ni ngumu dhidi ya joto, lakini haipendi kupindwa.

Wakati huohuo, chuma kinachopashwa kinamwaga siri zake. Mafuta na rangi vinaungua kwanza. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Zinki iliyopakwa kwenye mabati inachemka kwenye nyuzi 907 na kutoka kama mvuke, ikaishia kwenye vumbi la chujio. Shaba nyekundu inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, inadondoka chini na kujichanganya na chuma, na ikishaingia hatuitoi tena, kwani oksijeni huunguza chuma kabla ya kuigusa shaba. Shaba ikizidi, chuma hupasuka kinapoviringishwa kikiwa cha moto. Dawa pekee yenye maana ni kuzitoa waya na mota uwanjani kwa mikono au kwa mashine.

Matone ya kwanza yanapoanguka hayafiki chini yakiwa majimaji. Yanakutana na chuma baridi, yanaganda, yanayeyuka tena, yanashuka kidogo zaidi. Ndiyo maana tunapenda kubakiza sehemu ya chuma cha moto kutoka kwenye myeyusho uliotangulia, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya ujazo. Dimbwi linakuwepo tangu dakika ya kwanza, na sehemu kubwa ya mzigo huyeyushwa nalo kutokea chini, wakati elektrodi zinafanya kazi kutokea juu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonivutia kuliko yote. Kipande baridi kinapotumbukia kwenye dimbwi la nyuzi 1,560, hakianzi kupungua. Kinaongezeka. Ubaridi wake unanyonya joto kwa kasi kuliko dimbwi linavyoweza kulileta, hivyo chuma kimiminika kinachokigusa kinaganda juu yake na kutengeneza gamba. Gamba linanenepa kwa muda, kisha, kiini kinapopata moto, linayeyuka na kutoka, na hapo ndipo kipande cha asili kinaanza kuliwa. Ukikipasha kipande kabla hakijaingia, gamba linakuwa jembamba au halitokei kabisa. Hii ni faida ya kupasha chuma kwa moshi wa tanuru lenyewe ambayo haionekani kwenye hesabu ya umeme peke yake.

Vipande viwili vikiwa karibu, magamba yao yanakutana na kushikana. Vikiwa ishirini, unapata bonge moja lililogandamana, lenye uso mdogo na kiini baridi, linalokaa chini ya slagi lisionekane. Kwa hiyo kutupa chuma kingi kwa mkupuo mahali pamoja ni kujitengenezea tatizo. Tanuru linalolishwa pole pole na mfululizo huliepuka kwa kiasi kikubwa.

Kuna njia nyingine ya chuma kutoweka, isiyohitaji kufika kwenye joto lake la kuyeyuka. Chumvi huyeyuka kwa moto kwenye nyuzi 801, lakini ukiitia ndani ya maji inapotea bila moto wowote. Kaboni hufanya kitu kinachofanana na hicho kwa chuma. Chuma chenye kaboni chache kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Chenye kaboni zaidi ya asilimia 4 kidogo kinakuwa majimaji kwenye nyuzi 1,150 hivi. Dimbwi lenye kaboni ya kutosha likiwa kwenye nyuzi 1,450 tu, kaboni inaingia kwenye uso wa kipande kigumu, inashusha joto la kuyeyuka la tabaka hilo la nje, nalo linajitenga na kuingia dimbwini. Tabaka baada ya tabaka. Kipande kinaliwa kwenye joto ambalo lisingekiyeyusha kamwe.

Kaboni hiyohiyo ina kazi ya pili. Oksijeni tunayopuliza inaiunguza na kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na viputo vyake vinalikoroga dimbwi. Bila kukorogwa, joto linakaa juu chini ya elektrodi na chuma baridi kinabaki pembeni. Viputo vinapopanda kwenye slagi ya chokaa vinaifanya ivimbe kuwa povu, nalo linalifunika tao wakati kuta za chuma chakavu zimekwisha kuyeyuka na halina tena pa kujificha. Kwa hiyo mtu anayeiunguza kaboni yote mapema, vipande vingi vikiwa bado vigumu, amejinyima mambo matatu kwa pamoja: ulaji wa tabaka, mkorogo na povu.

Pembeni, kwenye nafasi kati ya elektrodi, na karibu na mlango wa slagi, tunaweka vichomeo vya gesi na oksijeni. Ufanisi wake ni mkubwa chuma kikiwa baridi na chenye mianya ya kupitisha mwali. Uso ukishapata moto na mianya ikajiziba, joto linarudi nyuma na kupaa na moshi. Kuviacha viwake kwa nguvu hadi mwisho ni kupoteza gesi na kuunguza chuma.

Kuhusu maji, nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito wote. Maji yakinaswa chini ya chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke unaochukua nafasi zaidi ya mara 1,600, papo hapo. Vyombo vilivyofungwa, mitungi, mabomba yenye ncha zilizobanwa: hivyo havifai kuingia kikapuni hata kimoja. Hakuna ratiba ya uzalishaji inayohalalisha kubahatisha.

Linabaki swali la kujua kama vyote vimeyeyuka, kwa kuwa dimbwi limefunikwa na povu na huoni kitu. Kipimajoto kinachochovywa kupitia mlangoni kinasoma pale kilipochovywa tu. Kinaweza kuonyesha nyuzi 1,590 wakati upande wa pili kuna bonge lililoganda, na bonge hilo likija kuteleza baadaye kwenye dimbwi lililojaa oksijeni, mchemko wake unaweza kurusha slagi nje ya mlango.

Mimi napima mara mbili, dakika moja ikipita katikati, nikijua nguvu iliyoingia. Chukua tani 100 za chuma kimiminika na megawati 60. Ikiwa asilimia 70 ya nishati inafika kwenye chuma, dimbwi linapaswa kupanda nyuzi 30 hivi kwa dakika hiyo. Nikiona limepanda nyuzi 8, najua joto limekwenda kwingine, na mara nyingi kwingine huko ni chuma ambacho bado ni kigumu. Hapo siongezi urefu wa tao. Naongeza kaboni na oksijeni upande unaoshukiwa, nauacha mchemko ukoroge dimbwi, kisha napima tena kabla ya kulifungua tundu la kumiminia.