Hilo gazeti linachapwa wapi? Nigeria na vita vya mtambo

Mwanafunzi akinijia akitaka kuandika tasnifu kuhusu magazeti ya Nigeria, huwa namuuliza kwanza: hilo unalotaka kulichunguza lilichapwa wapi, na mtambo ulikuwa wa nani? Wengi hushangaa. Wamekuja wamejiandaa kuzungumzia wahariri, sheria na vyama. Nami nashikilia swali langu, kwa sababu historia ya magazeti ya nchi ile, ukiisoma kwa makini, ni historia ya watu wanaogombea mashine.

Gazeti la kwanza, Iwe Irohin, lilitoka Abeokuta mwaka 1859 kwa Kiyoruba. Mwenyewe alikuwa mmisionari wa Kiingereza, Henry Townsend, aliyekwisha kuufikisha mtambo wa kuchapia mjini humo miaka kadhaa kabla. Lilitoka kila baada ya wiki mbili, na nakala moja iliuzwa kauri 120, yaani makombe ya baharini yaliyotumika kama fedha. (Kauri nyingi zilizozunguka Lagos na bara yake enzi hizo zilitoka pwani yetu hii: wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua Zanzibar, wakaenda kuzishusha kule.) Ndani mlikuwa na habari za ubatizo, misiba, safari za machifu na bei ya pamba. Mwaka 1867 Waegba, wenyeji wa Abeokuta, waliwafukuza Wazungu mjini, mtambo ukaharibiwa katika vurugu hizo, na Iwe Irohin likafa nao.

Wakoloni walijifunza haraka kwamba si lazima uvunje mashine. Unaweza kumfanya mwenye mashine aogope hasara. Sheria ya magazeti ya mwaka 1903 ilimtaka kila mwenye gazeti aweke dhamana ya pauni 250. Kwa Mwafrika wa Lagos wa wakati ule hizo zilikuwa fedha za kumfilisi mtu.

Aliyeng'amua jibu ni Nnamdi Azikiwe, mwandishi na mwanasiasa. Alirudi kutoka Accra, ambako makala moja katika gazeti alilolihariri ilimfikisha mahakamani kwa kosa la uchochezi, akahukumiwa, kisha akashinda rufaa. Novemba 1937 akaanzisha West African Pilot mjini Lagos. Wengi hukumbuka ukali wa kalamu yake. Mimi navutiwa zaidi na mpango wake wa biashara, kwani hakubaki Lagos tu: alifungua magazeti Port Harcourt, Onitsha na Warri. Katika mgomo mkuu wa wafanyakazi wa mwaka 1945 serikali ililifungia Pilot pamoja na Comet, gazeti lake jingine, yote ya Lagos. Ya mikoani hayakuwamo katika amri hiyo. Kuyanyamazisha yote kungehitaji kuifukuzia mitambo nchi nzima.

Kisa cha Daily Times, lililoanza mwaka 1926, ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Chini ya uongozi wa Babatunde Jose, katikati ya miaka ya 1970, liliuza zaidi ya nakala 200,000 kwa siku, na hakuna aliyelikaribia. Mwaka 1975 serikali ya kijeshi ikajichukulia asilimia 60 ya hisa. Hakuna aliyekuja na kufuli. Mtambo uliendelea kunguruma kila usiku, lakini wasomaji walihisi mabadiliko, wakaliacha kidogokidogo mpaka likabaki jina.

Jenerali Buhari alipotwaa madaraka alifuata njia nyingine. Amri Na. 4 ya mwaka 1984 ilifanya iwe kosa kuchapisha habari ya kumfedhehesha ofisa wa serikali, na chini yake hata habari ya kweli tupu haikukuokoa. Tunde Thompson na Nduka Irabor, waandishi wa The Guardian la Lagos, walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa habari kuhusu uteuzi wa mabalozi, na gazeti lao likatozwa faini. Miaka miwili baadaye, chini ya Jenerali Babangida aliyempindua Buhari, Dele Giwa, mhariri wa jarida la Newswatch aliuawa nyumbani kwake kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Ndipo tunafika mwaka 1993, na uandishi ambao Wanijeria wenyewe waliufananisha na vita vya msituni. Jarida la TheNews lilikuwa na miezi michache tu sokoni lilipofungiwa. Wahariri wake wakatoa jingine, Tempo, na hapa mtazame jinsi lilivyotengenezwa. Jarida la kawaida lina jalada la karatasi inayong'aa, linachapwa sehemu mbili tofauti, linakunjwa, linabanwa pini. Kazi hiyo inataka kiwanda maalumu na muda, na askari wanajua pa kwenda. Tempo lilikuwa na umbo la gazeti dogo, karatasi ya kawaida mwanzo hadi mwisho. Mtambo wowote wa gazeti uliweza kulitoa, likawa sokoni kabla wapekuzi hawajapata habari. Kazi ikagawanywa kwa wachapaji mbalimbali, ili kiwanda kimoja kikivamiwa, nakala za kingine zitoke. Wahariri walikutana leo hapa, kesho pale. Wenzao wa jarida la TELL nao waliishi hivyohivyo. Wauza magazeti walikamatwa na kupigwa barabarani, na naona hawajapewa heshima wanayostahili katika vitabu vyetu.

Mashine ilipowaponyoka, utawala wa Jenerali Sani Abacha, aliyetwaa madaraka Novemba 1993, uliwageukia watu. Mwaka 1995 mahakama ya siri ya kijeshi ilimhukumu Kunle Ajibade wa TheNews kifungo cha maisha, kikapunguzwa kuwa miaka 15. Alitoka mwaka 1998 baada ya Abacha kufa. Mwenzake, Bagauda Kaltho, alitoweka mwaka 1996 na hakurudi.

Dapo Olorunyomi alikuwa miongoni mwa viongozi wa TheNews wakati huo, na alilazimika kukimbilia uhamishoni. Baadaye alirudi na mwaka 2011 akaanzisha Premium Times, gazeti la mtandaoni lisilo na mtambo, karatasi wala lori la kusimamishwa njiani. Januari 2017, mkuu wa jeshi la nchi kavu alipolalamikia habari walizoandika, polisi waliingia ofisini Abuja. Hapakuwa na mashine ya kufunga wala nakala za kubeba. Wakapekua, kisha wakamchukua Olorunyomi mwenyewe pamoja na mwandishi wake mmoja, wakawaachia siku hiyohiyo. Waandishi wengine wa Nigeria wamekamatwa kwa kutumia sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, na ndiyo ninayowapa wanafunzi waisome sasa, kifungu cha 24 kwanza, kinachohusu kumwandama mtu mtandaoni.