Mstari una majirani zake

Mtu akifungua biashara au akianza kazi mpya, hakosi kutumiwa Ayubu 8:7, ule mstari wa mwanzo mdogo na mwisho utakaoongezeka sana. Huandikwa kwenye kadi, husomwa kwenye maombi ya ufunguzi, na ni nadra mtu kuuliza nani aliusema. Aliyeusema ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu. Anamwambia Ayubu, baba aliyefiwa na watoto kumi, na mistari mitatu tu kabla ya hapo, kwenye 8:4, ameshamdokezea kwamba wanawe walikufa kwa makosa yao wenyewe. Mwishoni mwa kitabu, 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa. Bildadi ni mmoja wa hao wawili.

Kwa hiyo tumechukua maneno ya mtu aliyekemewa na Mungu tukayafanya baraka. Anayetaka kumwombea mwenye duka jipya kwa Kitabu cha Ayubu anayo 42:12. Hapo msimulizi mwenyewe ndiye anayesema kwamba BWANA aliubariki mwisho wa Ayubu kuliko mwanzo wake. Maneno yanakaribiana sana. Midomo iliyoyatoa haikaribiani hata kidogo.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ugonjwa ninaoukuta mara nyingi kwa wasomaji wa Biblia si uvivu. Wengi wanasoma kila siku. Shida ni kwamba wanasoma mstari ulionyofolewa, nao mstari ulionyofolewa hukubali kusema chochote msomaji anachotaka kusikia.

Namba ndizo zinazotupotosha kwanza. Paulo hakuandika sura wala mistari. Sura tunazotumia leo huhusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury wa mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Namba zinasaidia kupata mahali, na huo ndio mwisho wa kazi yake. Pengine zimekata vibaya: 1 Wakorintho 11:1, pale Paulo anaposema wamfuate yeye kama yeye anavyomfuata Kristo, ni mwisho wa hoja ya sura ya 10 kuhusu kutotafuta faida yako mwenyewe. Ukianzia kusoma 11:1, unaona mtume anayejitukuza. Ukianzia 10:31, unaona mtu aliyeacha haki yake ili wengine waokolewe. Na vile vichwa vidogo vya habari vilivyo katikati ya ukurasa ni vya wafasiri na wachapaji, si vya mitume. Maneno kama "Zaburi ya Daudi" ni jambo jingine: hayo yamo katika matini ya Kiebrania yenyewe, usiyaruke.

Mstari ukikugusa, kabla hujauandika popote, rudi nyuma hadi jambo linapoanzia, kisha uende mbele hadi linapoishia. Katika nyaraka za mitume, mistari kumi nyuma na kumi mbele mara nyingi inatosha. Katika masimulizi, soma tukio zima. Zaburi isome yote, hata ikikuudhi katikati. Mithali ni tofauti: kuanzia 10:1 hadi 22:16 methali nyingi zimesimama moja moja, kwa hiyo jirani wa methali ni methali nyingine inayozungumzia jambo lilelile mahali pengine katika kitabu, nawe utalazimika kuitafuta.

Ukiwa hapo, uliza nani anasema, anamwambia nani, na nini kimetoka kutokea. Halafu chukua penseli uzungushie viungo vya sentensi: basi, kwa hiyo, maana, kwa kuwa, lakini, ili. Hivi vijineno ndivyo vinavyobeba hoja, na jicho lenye haraka huviruka. Ile "basi" ya Warumi 12:1 imebeba sura kumi na moja mgongoni. Anayeanzia hapo bila hizo sura atasikia amri tupu ya kujitoa, asisikie huruma za Mungu ambazo ndizo sababu ya amri.

Kuna zana moja ambayo msomaji wa Kiswahili anayo bila kuitafuta, nayo ni tofauti ya wewe na ninyi. Kiebrania na Kigiriki hutofautisha mmoja na wengi, na lugha yetu inaitunza tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, wakati Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa yote mawili. Tazama Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka ninyi" apate kuwapepeta kama ngano, kisha anasema "nimekuombea wewe". Jaribu ni la wote. Maombi yametajwa kwa jina la mmoja, na mara moja huyo mmoja anapewa kazi: akishaongoka, awaimarishe ndugu zake. Tafsiri ya Union Version ya 1952, pamoja na Kiswahili chake kinachotusumbua siku hizi, inakuonyesha hilo bila maelezo yoyote pembeni. Basi kila unapokutana na -wa- au -m- ya wengi, simama kidogo kabla ya kuigeuza kuwa yako peke yako.

Sasa tuupeleke utaratibu huu kwenye Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Ni "ninyi", na mstari unaanza na "maana". Maana ya nini? Hii ni barua iliyotoka Yerusalemu kwenda kwa mateka walioko Babeli, wale waliochukuliwa pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 K.K. Sura moja nyuma yake, nabii Hanania amewatangazia watu kwamba katika miaka miwili mateka watakuwa wamerudi nyumbani. Ni unabii mtamu, na ni uongo. Barua ya Yeremia inasema miaka 70 (29:10), na kabla ya kuitaja hiyo miaka inatoa maagizo ya kawaida kabisa: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na muoze, utakieni amani mji ambao mmepelekwa mateka na kuuombea.

Piga hesabu. Mtu wa miaka 40 aliyesikia barua hii ikisomwa hakuwa na matumaini ya kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Kwake yeye mawazo ya amani yalikuwa kwamba Mungu hajawasahau kama taifa, kwamba wajukuu zake watarudi, na kwamba katika muda uliobaki apande mti. Mstari wa 11 ndio unaompa nguvu ya kutii mistari ya 5 hadi 7.

Hapa ndipo fungu hili linapoingia nyumbani kwa mtu anayesubiri: ajira isiyokuja, mtoto asiyezaliwa, ugonjwa usioondoka. Ukimpa mstari wa 11 peke yake umempa tarehe ambayo Mungu hakuitaja, na tarehe ikipita atadhani imani yake ndiyo pungufu. Ukimpa fungu zima, ana la kufanya kesho asubuhi: atengeneze anapokaa, asiahirishe maisha, autakie heri mtaa ambao hakuuchagua. Je, ahadi ni yake pia? Nasema ndiyo, kwa kuwa Mungu aliyesema hivyo habadiliki. Ratiba ndiyo isiyo yake. Na kama unataka kuona msomaji mzuri wa barua hii, fungua Danieli 9:2. Danieli anaitambua ile miaka 70 kwa kusoma maandiko ya Yeremia, na jambo linalofuata ni kwamba anafunga na kutubu.

Kwa mtu mwenye shughuli nyingi nashauri fungu moja la mistari 8 hadi 15 kwa wiki nzima, dakika 20 au 25 kwa siku. Siku ya kwanza lisome kwa sauti mara mbili bila kuandika chochote. Sikio hukamata marudio ambayo jicho huyapita. Siku ya pili, penseli na vile viungo. Ya tatu, linakili kwa mkono, neno kwa neno. Watu huiona hii kama kazi ya watoto wa shule, lakini ndiyo siku inayozaa kuliko zote, kwa sababu mkono hauwezi kuruka sentensi usiyoipenda. Ya nne, linganisha na tafsiri nyingine, kwa mfano Union Version na Habari Njema, na popote zinapoachana andika swali, usikimbilie jibu. Maneno ya zamani ndipo yanapojitokeza. "Kiasi" ya Wagalatia 5:23, kwa mfano, ni uwezo wa kujitawala, wala haihusiani na kupima vitu. Siku ya tano andika sentensi moja: wasikiaji wa kwanza walitakiwa wafanye au waamini nini? Ya sita, sentensi moja kuhusu wewe. Ya saba, mweleze mtu.

Kosa la kawaida ni kuruka kutoka siku ya kwanza hadi ya sita. La pili ni sentensi ya siku ya sita isiyo na saa wala jina. "Niwe na upendo zaidi" haitekelezeki, na ndiyo maana tunaiandika kila mwezi. "Alhamisi jioni nimpigie dada yangu tuliyekosana naye" inaweza kutimizwa au kuvunjwa, na Ijumaa utajua ni ipi.

Wanaosoma Biblia nzima kwa mwaka siwavunji moyo. Bila wao tusingejua majirani wa mbali. Sura ni 1,189, yaani tatu na kidogo kwa siku. Wengi hukwama Mambo ya Walawi, wanakosa siku kumi, wanajikuta wanadaiwa sura zaidi ya 30, basi wanaacha kabisa. Deni hilo lisilipwe. Rukia tarehe ya leo, yaliyokupita utayakuta mwaka ujao.

Kuna mstari mmoja ambao umeumiza wazazi kuliko mwingine wowote ninaoujua, Mithali 22:6, wa kumlea mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha hata atakapokuwa mzee. Mzazi ambaye mwanawe ameiacha imani anausoma kama hukumu: kumbe sikumlea. Hapa jirani anayehitajika ni aina ya kitabu. Mithali husema jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida kwa mwenye hekima. Haiweki sahihi kwenye hati ya mkataba. Ushahidi uko Mithali 26:4-5, mistari miwili iliyopangwa makusudi ubavu kwa ubavu. Wa kwanza unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, wa pili unasema mjibu. Kama methali ni sheria, kitabu kinajipinga ndani ya pumzi moja. Kama ni hekima, kinakufundisha kupima ni siku gani ya kunyamaza na ni siku gani ya kujibu, jambo ambalo kila aliyewahi kuvutwa kwenye mabishano ya ujumbe wa simu usiku wa manane analielewa vizuri. Huyo mzazi usimpe mstari wa 22:6 tena. Mpe Luka 15, baba aliyeondokewa na mwana bila kuambiwa popote kwamba alilea vibaya.

Mathayo 18:20 nao umechoshwa. Husomwa waumini wanapokuja wachache kwenye maombi: walipo wawili watatu, Bwana yupo. Ni kweli yupo, ila fungu linaanzia 18:15, na habari yake ni ndugu aliyekukosea. Uende kwake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili, ili neno lithibitike kwa mashahidi kama ilivyo sheria ya Kumbukumbu la Torati 19:15. Asiposikia hao, ndipo kanisa liambiwe. Wale "wawili watatu" wanatoka humo, katika kikao kigumu cha kupatanisha watu, na ahadi ya Bwana kuwapo inawahusu kwanza waliothubutu kwenda. Kwa kawaida sisi tunaigeuza ngazi: tunaanza kwa kuwaambia wengi, kisha wawili, na mhusika analipata mwisho kutoka kwa mtu mwingine.

Kwenye kikundi, watu sita hadi kumi wanatosha. Wakizidi kumi na wawili nusu yao watanyamaza. Saa moja na nusu, na zaidi ya nusu ya muda huo iwe kwenye maneno ya fungu lenyewe. Swali la kuogopa ni "mstari huu unakuambia nini wewe?" likiulizwa mwanzo, kwa sababu hualika kila mtu kuleta shida yake na kuibandika juu ya mstari. Anza na "mnaona nini?" na kila jibu ulirudishe kwenye maandishi: uko mstari gani? Akikosa kuuonyesha, jibu lake lisubiri. Swali usilo na jibu lake liandike, ulilete wiki ijayo. Na yule ndugu anayejibu kila kitu usimkalishe mkabala na wewe, maana macho yenu yakikutana tu ameshaanza. Mweke ubavuni pako.