Dizeli ikiingia kijitoni: zuia mafuta, maji yapite

Barabara ya Mingoyo hadi Masasi, kusini mwa Tanzania, inafuata bonde la Lukuledi karibu njia nzima. Lori la mafuta likipinduka Mtama, Nyangao au Ndanda, dizeli inateremka mtaroni, inaingia kijitoni, na isipozuiwa inaweza kufika hadi mikokoni Lindi.

Kwanza jua ni mafuta gani. Kama ni petroli, watu wakae mbali upande unakotoka upepo, zimamoto wapigiwe 114, na asisogee mtu na ndoo. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kuchota petroli ya lori lililopinduka. Yanayofuata ni ya dizeli.

Wengi hukimbilia pale mafuta yanapoonekana. Umechelewa hapo. Dondosha jani majini, pima mita 10, hesabu sekunde. Likitumia sekunde 25, maji yanakwenda sentimita 40 kwa sekunde, yaani karibu kilomita moja na nusu kwa saa. Kama ujenzi wa ukuta wa kuzuia mafuta utachukua saa mbili, mafuta yatakuwa yameshuka kilomita tatu, basi jenga kwenye ya nne, penye kingo ndefu na kijito chembamba. Wakati huohuo pikipiki itangulie chini: banio la mashamba ya mpunga lifungwe, na akina mama waache kuteka kwenye visima vya mchangani, maana dizeli hupenya mchanga.

Ukuta mzima wa viroba haufai. Maji yatajaa, yatapita juu, na mafuta ndiyo yatatangulia. Kwa kuwa dizeli huelea, wape maji njia ya chini. Kata bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita sita vipande viwili. Mdomo wa upande maji yanakotoka uwe chini karibu na sakafu ya kijito, umeinuliwa kiganja kimoja ili usinyonye tope. Mdomo wa upande wa pili uinuliwe, kwa sababu ndio unaoamua kina cha maji nyuma ya ukuta, yaani upande yanakotoka. Viroba jaza mchanga theluthi mbili tu ili vikae kama tofali, kisha funika uso wa ukuta unaoelekea maji yanakotoka kwa turubai.

Bomba moja la namna hiyo hupitisha kama lita 15 kwa sekunde iwapo maji ya nyuma yamezidi ya mbele kwa sentimita 10. Kijito chenye upana wa mita 1, kina cha sentimita 15 na mwendo ule wa sentimita 40 kina hadi lita 60 kwa sekunde: weka mabomba manne. Sasa tazama maji juu ya mdomo wa bomba. Yakianza kuzunguka kama yanayoingia tundu la sinki, mafuta yananyonywa. Inua zaidi mdomo wa upande wa pili, maji yanakotokea, mpaka mzunguko ufe.

Nyuma ya ukuta tandaza kinasa mafuta, na kwetu hakuna kinachoshinda sufi. Nyuzi zake hukataa maji na kunywa mafuta mara nyingi zaidi ya uzito wake. Mito ya kulalia ya sufi iliyochakaa iunganishwe kwa kamba, ilazwe mshazari kukata kijito. Ikikaa kwenye maji yanayokwenda zaidi ya sentimita 35 hivi kwa sekunde, mafuta hupita chini yake, ndiyo maana inakaa kwenye maji yaliyotulia. Makumbi ya nazi hunywa maji na kuzama. Tumia ukikosa kabisa. Vyandarua vyenye dawa visiingie majini, dawa hiyo inaua samaki.

Tafadhali, msimwage sabuni. Mafuta hayaondoki, yanavunjika vipande vidogo, yanapita chini ya ukuta pamoja na maji na kuwafikia samaki kirahisi zaidi. Chota kwa sufuria pana, jaza pipa la lita 200 lenye koki chini, subiri yatengane, maji yarudishe nyuma ya ukuta. Vaa gambuti na glavu. Udongo uliolowa na mito iliyoshiba ni taka hatarishi: zifunikwe kwenye turubai mbali na maji, NEMC (baraza la taifa la mazingira) na bodi ya maji ya bonde waseme ziende wapi.

Baada ya siku kadhaa utaona utando wa rangi za upinde wa mvua penye matope. Usitaharuki kabla ya kuugusa kwa kijiti. Ule wa bakteria wa chuma, wa kawaida mabondeni, hupasuka vipande vyenye pembe na kubaki hivyo. Wa dizeli hujikunja na kuungana tena. Ukiungana, mto wa sufi ubaki hapo, hata kama ni Septemba, hadi mvua za kwanza zipite, kwa kuwa maji yakipanda kwenye kingo hukamua mafuta yaliyojificha mchangani.