Usingizi wa laptopu, na kwa nini waifai huchelewa kuamka

Usingizi wa laptopu ni hali ambapo mashine huzima karibu sehemu zake zote, ikabakiza umeme kidogo wa kulinda RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, ili uikute kazi yako pale ulipoiacha. Kiwango cha ACPI, yaani kanuni za pamoja za kusimamia umeme wa kompyuta, kilichotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, kinauita usingizi huu S3. Kuna pia S4, ambapo kazi huandikwa kwenye diski na umeme ukakatwa kabisa. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zimeacha S3, zikachukua usingizi mwepesi zaidi.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba vifaa vilivyomo ndani haviamki kwa pamoja. Kadi ya waifai ni kompyuta ndogo inayojitegemea. Ina prosesa yake na programu yake ya ndani, na mara nyingi programu hiyo haikai kwenye kadi bali hupakiwa na draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo wa laptopu kuitumia kadi, kila kadi inapopata umeme. Umeme ukikatwa, kadi husahau kila kitu. Mashine ikiamka, draiva inatakiwa itambue hali hiyo, ipakie programu upya, kisha ndipo itafute mtandao. Draiva yenye kasoro hukwama katikati. Basi unafungua laptopu, hati yako ipo, lakini orodha ya mitandao ni tupu, au hata kitufe cha waifai hakionekani.

Inaniuma kuona mtu hapa Amu, mjini Lamu, akiambiwa kadi imekufa, anunue nyingine, ilhali kadi ni nzima. Kwanza zima waifai uiwashe tena. Ikishindikana, kwenye Windows ingia Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine, uizuie kadi (Disable) kisha uiruhusu (Enable). Kwenye Linux, iondoe draiva kwa modprobe -r na uirudishe kwa modprobe. Bado? Chagua Restart, si Shut down. Tangu Windows 8, Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili mashine iwake haraka, hivyo draiva iliyokwama inaweza kurudi na ukwamo wake. Restart huanza upya kabisa. Kadi isiyoonekana popote hata baada ya hapo ndiyo ya kutilia shaka.

Tatizo likijirudia kila mara, pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu. Kisha, ndani ya Device Manager, fungua sifa za kadi, nenda Power Management, uondoe alama inayoruhusu mashine kuizima kadi ili kuokoa umeme. Betri itapungua kidogo zaidi, lakini naona ni gharama ndogo kwa mtu anayetuma maombi ya kazi dakika za mwisho. Laptopu zenye usingizi mwepesi mara nyingi hazina sehemu hiyo. Kwao draiva mpya ndiyo njia.

Ikiwa mtandao unaonekana na umeungana nao lakini kurasa hazifunguki, kadi imeshaamka na huenda tatizo liko kwenye anwani, yaani namba inayoitambulisha laptopu kwenye mtandao. Ruta, kifaa kinachogawa mtandao, hukukodisha anwani, kwa mfano 192.168.1.7, kwa muda maalumu. Umeme wa mjini ukikatika, ruta huzimika huku laptopu imelala kwa betri yake. Ukirudi, ruta nyingi za nyumbani huwa zimepoteza orodha ya wapangaji, na chumba chako, yaani anwani yako, huenda kimepewa simu ya jirani. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, laptopu imejipangia yenyewe kwa kukosa jibu la ruta. Ipe ruta dakika chache iamke, kisha jitoe kwenye mtandao na ujiunge tena. Kwenye Windows, amri ya ipconfig /renew huomba anwani upya.

Aliyefunga laptopu kijijini Shela akaifungua uwanjani Mkunguni, mjini Amu, huenda akahitaji pia kufungua kivinjari, kwa sababu waifai za wageni huwa na ukurasa wa kuingilia ambao haujitokezi wenyewe kila mara. Na katika nyumba zetu za mawe, kuta ni nene: mawimbi ya GHz 5 hupenya kwa shida kuliko ya GHz 2.4. Laptopu ikiamka chumba cha ndani ikang'ang'ania GHz 5, ichagulie mtandao wa GHz 2.4.