Bega Linauma: Lipimwe Kwanza, Kuchua Baadaye

Wagonjwa wa bega wanaofika katika kitengo chetu cha tiba ya viungo wanaongezeka, na wengi wanafika wamechelewa. Wameshachuliwa, wameshavutwa mkono, au wameutundika shingoni kwa kitambaa wiki baada ya wiki kwa ushauri wa watu wanaowatakia mema. Kitengo kinaomba umma uelewe kwamba maumivu ya bega yana vyanzo tofauti, na tiba inayofaa chanzo kimoja huweza kuharibu kingine.

Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kikombe chenye kina kifupi mno kwenye kombe la bega, mfano wa mpira juu ya kisahani. Ndiyo sababu mkono huzunguka kila upande, na ndiyo sababu bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Kazi ya kukituliza kichwa hicho mahali pake hufanywa na misuli minne midogo pamoja na kano zake, yaani nyuzi ngumu zinazoishikiza misuli kwenye mfupa.

Kano hizo ndizo zinazosumbua watu wazima wengi. Maumivu huwa upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega, nayo huchoma unapounyanyua mkono kwa ubavu au unapolalia upande huo usiku. Tafadhali tuachane na maelezo ya "damu imeganda" au "upepo umeingia". Mara nyingi kano imebebeshwa kazi isiyoizoea: mtu hajapaka rangi dari mwaka mzima, kisha anapaka nyumba nzima kwa siku 2. Umri nao huidhoofisha. Tiba yake kuu ni mazoezi ya kuipa kano mzigo kidogo kidogo, na nafuu ya maana hutarajiwa baada ya wiki 6 hadi 12, si baada ya siku 3. Kuacha kabisa kuutumia mkono huzidi kuidhoofisha.

Bega lililoganda ni jambo jingine. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, hasa wenye kisukari au matatizo ya tezi ya shingo. Kifuko kinachozunguka kiungo huvimba, kisha hunywea na kukaza. Dalili yake ni hii: bana kiwiko ubavuni, mtu mwingine akusaidie kuuzungusha mkono kuelekea nje; hauendi, hata akikusaidia. Hali hiyo huweza kudumu mwaka 1 hadi 3, na kulivuta bega kwa nguvu wakati linauma sana huongeza mateso. Mwenye kisukari akichomwa begani sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, apime sukari mara kwa mara siku zinazofuata, maana hupanda.

Bega likiteguka kwa kuanguka au kugongwa, usikubali mtu alirudishe palepale. Mfupa unaweza kuwa umevunjika, na neva au mishipa ya damu ikabanwa. Utaratibu ni picha ya eksirei, kulirudisha, kisha picha tena. Hapa ndipo kuutundika mkono kunapofaa, kwa muda utakaopangiwa.

Yapo pia maumivu ambayo asili yake haimo begani kabisa. Maumivu ya moyo huweza kusikika begani, hasa bega la kushoto, pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukata. Mfuko wa nyongo hupeleka maumivu bega la kulia. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka, mama huweza kusikia maumivu kwenye ncha ya bega. Hawa ni wa kukimbizwa hospitali. Mafuta ya kuchua hayafiki huko.

Wengi hudai eksirei kabla hata ya kuguswa. Eksirei haionyeshi kano. Ultrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, huionyesha, lakini watu wengi waliopita miaka 60 wana kano zilizochanika na hawaumwi chochote, kwa hiyo picha haichukui nafasi ya kupimwa kwa mikono.

Kuhusu kinga: kazi ya juu ya kichwa ifanywe kwa ngazi, ili kiwiko kibaki chini ya bega, na ikatizwe kwa mapumziko. Mzigo ushikwe karibu na mwili. Wanaonyanyua vyuma, wanaoogelea na wanaorusha mpira waongeze kiasi hatua kwa hatua, na wasisahau misuli ya mgongo inayoshika kombe la bega.

Unapokuja kitengoni leta barua ya rufaa, picha za awali, na orodha ya dawa zote pamoja na tarehe za sindano ulizochomwa begani. Vaa nguo inayoruhusu mabega yote mawili kuonekana, kwa sababu tunayalinganisha. Pembe za mkono hupimwa na kuandikwa kila hudhurio. Ukipata udhuru, toa taarifa siku 1 kabla. Anayekosa mara 2 mfululizo bila taarifa, faili lake hurudishwa kwa daktari aliyempa rufaa na foleni huanza upya. Wanaomleta mgonjwa wa kiharusi wasimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza wala kumshika makwapani: misuli ya bega hilo imelegea, na kiungo hushuka kwa urahisi. Mshikeni kiunoni, na mkono huo uegemezwe kwenye mto anapokaa.