Puli ya "asilimia 15" kwenye supachaja ni nini hasa, na kwa nini ya Arusha sio sawa na ya Dar

Kuna neno machalii wa magari hapa Chuga wanalirusha sana, "mi nimefunga puli ya 15", mwingine anajibu "hiyo ndogo, weka ya 17", afu ukiwauliza hiyo 15 ni 15 ya nini mmoja anasema ni psi (kipimo cha presha), mwingine anasema ni mili (milimita), wa tatu anasema ni nguvu inayoongezeka. Wote watatu wamekosa. Tuliweke sawa, kwa sababu hapa kwetu milimani hilo neno lina mambo yake ambayo mtu wa Dar hayamhusu kabisa.

Anza na mashine ya kusaga. Si umewahi kupelekwa na debe la mahindi ukiwa mdogo, ukasimama pale mlangoni umejaa unga kichwani? Ile engine ya dizeli iko huku, kinu kiko kule, katikati kuna mkanda mrefu unapigapiga. Puli ya engine ni kubwa na ya kinu ni ndogo, kwa hiyo engine ikizunguka mara moja kinu kinakuwa kishazunguka zaidi ya mara moja. Mwenye mashine akitaka kinu kikimbie kuliko hapo hanunui engine nyingine, anatafuta puli ndogo zaidi ya kinu anafunga, basi. Ukishaielewa hiyo supachaja nayo umeielewa, yaliyobaki ni hesabu na madhara yake.

Supachaja ni pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki, yani ile shafti kuu ya engine, inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya engine, hewa ikiingia nyingi unaweza kuchoma mafuta mengi na gari inavuta. Turbo nayo inashindilia hewa ila yenyewe inazungushwa na moshi wa eksozi, haina mkanda wala puli, kwa hiyo mwenye Subaru ya turbo haya mambo ya puli ndogo hayamhusu, yeye ana mateso yake mengine. Hapa mjini supachaja utazikuta kwenye Mercedes zile zilizoandikwa Kompressor mgongoni, kwenye Range Rover za wenye nazo, na kwenye Mini Cooper S za 2002 mpaka 2006. Toyota nao walizifunga zamani, ile MR2 yenye engine ya 4A-GZE ilikuwa na supachaja yenye klachi ya umeme kama ya kompresa ya AC, isipohitajika inajiachia. Mi nitatumia Mini kama mfano kwa sababu ndo gari ambayo biashara ya puli imeikolea kuliko zote, na kama unaona Mini sio gari ya spoti nenda kaiendeshe kwanza kwenye zile kona halafu tuongee.

Sasa hesabu. Tuseme puli ya krenki ina upana (kipenyo, ukipima ukingo hadi ukingo) wa mili 130 na ya supachaja mili 65. 130 gawanya kwa 65 unapata 2, yani engine ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika supachaja iko kwenye 12,000. Ukitoa ile ya 65 ukaweka ya 55 uwiano unakuwa kama 2.36, na engine ileile kwenye 6,000 ileile inazungusha supachaja mara elfu kumi na nne na ushee. Hiyo puli ya 55 ndo inaitwa puli ya 15, kwa sababu upana wake umepungua kama asilimia 15 kutoka ile ya kiwandani. Ni upana ndo umepungua. Sio psi, sio nguvu za farasi, ni upana wa chuma tu.

Na hapo kuna kamtego kadogo. Puli ikipungua asilimia 15 kasi ya supachaja haipandi 15, inapanda karibu 18, kwa sababu unagawanya kwa 0.85. Ya 17 inakupa kama 20 na nusu, ya 19 inakupa 23 na nusu. Kila ukizidi kushuka upana, kasi inapanda kwa hatua ndefu kuliko unavyodhani. Na ukiamua kuiacha ya supachaja ukaongeza ya krenki hesabu ni ya kawaida, asilimia 5 ni 5, na ukifanya zote mbili zinazidishana. Nimeshaona mtu anajumlisha tu 15 na 5 anapata 20 anafurahi, wakati supachaja yake imeongezeka kasi karibu asilimia 24.

Kwa nini kasi inaleta presha? Engine ya 1.6 kila mzunguko mmoja inameza kama lita 0.8 za hewa, maana silinda zote zinahitaji mizunguko miwili kumaliza kuvuta. Supachaja ya ile Mini ni Eaton M45, hiyo 45 ni inchi za ujazo inazosukuma kila ikizunguka, kama lita 0.74. Na kwa kuwa inazunguka kama mara mbili kila krenki ikizunguka mara moja, inaleta karibu lita moja na nusu mbele ya mdomo unaomeza 0.8. Hewa inakosa pa kwenda, inabanana, ndo hiyo busti unayoiona kwenye geji (nyingine inavuja mlemle ndani, ila wazo ni hilo). Ukiweka puli ya 15 unaleta lita 1.7 mbele ya mdomo uleule.

Sasa ndo tunafika kwetu. Hiyo lita ya hewa sio sawa kila mahali. Dar iko usawa wa bahari, hewa ya nje inabana kama psi 14.7. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu, huku ni psi 12.4 tu. Watu wa mji wa Moshi wako katikati, kama 13 na kitu. Yani lita uliyovuta Sakina ina hewa pungufu kwa asilimia 15 kuliko lita uliyovuta Kariakoo, na supachaja haijui hilo, yenyewe inahesabu lita tu. Turbo angalau inaweza kujiongeza ikazunguka zaidi mpaka ifikie presha iliyoambiwa, supachaja imefungwa na mkanda, itazunguka vilevile ilivyopangwa na puli, iwe Arusha iwe ufukweni. Kwa hiyo gari ambayo Dar inakusomea psi 11 kwenye geji, ukiipandisha huku inasoma 9 na kidogo. Haijaharibika. Usibadilishe sensa, usifungue engine, usimpe fundi hela ya kutafuta uvujaji ambao haupo. Kuna jamaa yangu kazungushwa wiki mbili na fundi juu ya hilo, wamebadilisha mipira ya hewa yote, geji ikarudi palepale kwenye 9.

Kwa mantiki hiyo puli ya 15 kwa mtu wa Arusha sio sana kuongeza, ni kama kurudishiwa kile ambacho mlima ulikichukua. Asilimia 15 ya hewa imepotea, kasi ya supachaja imeongezeka 18, mnakaribia kuwa ngoma droo na aliye Dar na gari ya kiwandani. Ndo maana watu huku wanafunga ya 15 wanaona gari imekaa poa, hairuki sana, wanaanza kutamani ya 17 na ya 19. Na ndo hapo wanapojitega, maana gari haikai Njiro maisha yake yote. Desemba inaisha, sikukuu zimeliwa, unashuka Dar kwenye hewa nzito.

Kabla ya safari hiyo, kuna vitu vinakuja na puli hata kama hujavialika. Cha kwanza joto. Hewa ukiibana inapata moto, shika pampu ya baiskeli chini kule baada ya kujaza tairi utanielewa. Supachaja za aina hii zikikimbizwa sana zinageuka jiko, hewa inayotoka inaweza kupita nyuzi 100 kabla haijafika kwenye intakula, yani ile rejeta ya kupoza hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo presha unaiona kwenye geji lakini hewa yenyewe haijaongezeka hivyo, geji inakudanganya kwa upole. Afu hewa ya moto inafanya mafuta yawake kabla ya muda wake, engine inagonga, ule mlio kama mtu anatingisha misumari kwenye kopo. Pistoni haziupendi kabisa. Kompyuta ya gari ikisikia kugonga huko inachelewesha cheche ya plagi, na nguvu uliyoinunua inaondoka.

Cha pili mkanda. Puli ndogo maana yake mkanda unaishika sehemu ndogo zaidi, na wakati huohuo kazi ya kuizungusha imeongezeka. Unateleza. Dalili utaziona mwenyewe bila mashine: vumbi jeusi la mpira limetapakaa kwenye kava karibu na puli, harufu ya mpira ulioungua ukikanyaga sana, na busti inayopanda vizuri mpaka mizunguko 5,000 halafu inakaa palepale au inashuka. Wengine wakiona hivyo wanakimbilia puli ndogo zaidi, ambayo ni sawa na kuzidi kupiga gesi gari ikiwa imekwama kwenye tope. Unatakiwa mkanda mfupi kidogo na tensheni (kile kinachokaza mkanda) yenye springi nzima. Cha tatu mafuta: hewa ikiongezeka nozo (zinazopuliza mafuta) lazima zifikie, plagi nazo ni bora ziwe za baridi zaidi hatua moja, yani zinazotoa joto haraka. Kwa ya 15 gari nyingi zinavumilia na nozo za kiwandani, ukishavuka hapo bila kuiprogramu kompyuta upya unacheza kamari na engine ya kwako mwenyewe.

Na puli ya krenki naomba muiogope kidogo. Nyingi zina mpira katikati ya vyuma viwili, ule mpira sio urembo, unameza mtetemo wa krenki kila silinda inapowaka. Ukinunua puli kubwa ya chuma kitupu kisa inang'aa, ule mtetemo unabaki kwenye krenki na beringi zake. Mi kama ni gari yangu nabadilisha ya supachaja tu, ya krenki naiacha na mpira wake.

Kufunga nako ni habari nyingine. Puli ya supachaja imegandishwa kwenye shafti kwa nguvu, haina nati. Nimesimama gereji moja Unga Limited nikaona fundi kaishika kwa mkono wa kushoto, kwa kulia ana nyundo ya kilo mbili, anapima pa kugonga. Nikamshika mkono. Mle ndani kuna rota mbili zinapishana bila kugusana, nafasi kati yao ni nyembamba kama karatasi, ukigonga ile pua ya shafti beringi inaumia leo na rota zinasugana mwezi ujao. Inatolewa kwa pula maalumu (kifaa cha kuivuta), mpya inapashwa moto kwenye oveni ndo inaingia kwa kusukumwa polepole. Tuliishia kuazima oveni ya keki ya dada mmoja wa jirani. Ukifungua humohumo angalia na oili ya supachaja, zina oili yao peke yao ambayo watu wengi hawajui kama ipo, na inanuka vibaya sana, usije ukadhani kuna panya kafia mle.

Kwa hiyo uchague ipi? Ukiniuliza mi naangalia sehemu ya chini kabisa ambayo gari itafika, siangalii unapolala. Gari inayozunguka Arusha na Moshi tu na kupanda Monduli mara moja moja, puli ya 17 inaweza kuishi kwa amani ikiwa mkanda na programu viko sawa. Gari inayoshuka Tanga au Dar, 15 inatosha, na hiyo programu mwambie fundi aiweke kwa ajili ya bahari, sio kwa ajili ya Kisongo asubuhi kukiwa na baridi. Ya 19 wanaifunga watu wa mashindano wenye intakula kubwa, kwa gari ya kwenda kazini ni joto la bure.

Chalii mwenye gari tuliyoiazimia ile oveni alikuwa anataka 17, tukambishia akafunga 15. Tumeshuka naye mwezi wa pili, geji iko mbele ya macho yangu njia nzima. Kutoka Usa River ilikuwa inagusa 11 na nusu akikanyaga. Tulivyofika Mombo, jua la saa nane, hatujagusa kitu chochote, gari ileile puli ileile, anapita lori inasoma 13. Chalinze ikakaribia 14 na kwa mbali nikasikia misumari kwenye kopo, mara mbili, afu ikanyamaza. Akaondoa mguu mwenyewe, akazima redio, hadi Kibaha hakuna aliyeongea.