Kinyonga anayezaa: ina maana gani?

Uliza Arusha au Moshi kinyonga anazaaje, na wapo watakaokujibu bila kusita: watoto wanampasua mama tumbo, naye anakufa palepale. Imani hii imeenea sehemu nyingi nchini. Si kweli, hapasuki. Ila imegusa jambo lenye ukweli, maana wapo vinyonga wasiotaga kabisa. Mmoja wao ni kinyonga wa pembe tatu wa Mlima Meru, kitaalamu Trioceros jacksonii merumontanus, nususpishi (yaani kundi dogo ndani ya spishi moja) ambayo kwa asili haiishi mahali pengine popote duniani.

Kuzaa kwake si kuzaa kwa mbuzi. Mayai hutungwa tumboni kama ya mijusi wengine, lakini hayavikwi ganda wala hayatolewi nje. Hubaki humo kwa miezi mitano, sita, hata zaidi, kila kijusi kikitegemea kiini cha yai lake. Hakuna kondo la nyuma kama la mamalia. Siku ikifika, mama hutembea taratibu tawini akidondosha mtoto mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ndani ya utando mwembamba unaonata. Mwingine hunasa kwenye jani, mwingine huanguka chini. Anajinyoosha, anauchana utando, anaanza kupanda. Mama hana habari naye, na baada ya muda mfupi mtoto huyo anajiwindia vidudu mwenyewe. Mama hubaki amekonda, ngozi ya tumbo imelegea na kukunjamana. Nadhani aliyemkuta katika hali hiyo ndiye aliyeanzisha maneno ya kupasuka.

Kwa nini ajitwishe mzigo wote huo? Mtazame kwanza kinyonga wa kawaida wa nyanda za chini, Chamaeleo dilepis. Yeye hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga makumi ya mayai, huyafukia na kwenda zake. Kuanzia hapo joto la udongo ndilo linaloyalea. Meru mambo ni tofauti. Mlima una kimo cha mita 4,566, na mwezi Julai hata mjini Arusha watu wanavaa masweta. Huko juu kwenye ukungu, udongo ulio chini ya miti haupati jua la kutosha. Yai likikaa kwenye baridi hukua polepole mno, au huharibika. Mama mwenye mimba anaweza kulitafuta jua. Asubuhi hupanda penye mwanga, hugeuza ubavu mmoja na kuutia weusi ili unyonye joto upesi, na mayai yanapashwa moto pamoja naye.

Maelezo haya ya baridi yanaungwa mkono na mjusi wa mbali kabisa, Zootoca vivipara wa Ulaya na Asia. Katika sehemu kubwa ya makazi yake, hadi kaskazini ya mbali, huzaa. Lakini kaskazini mwa Uhispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa, mjusi huyohuyo hutaga.

Hata hivyo baridi peke yake haimalizi hoja. Kinyonga wa pembe mbili wa Kilimanjaro, Kinyonga tavetana, naye ni wa milimani, na hutaga. Wa pembe tatu wa Usambara, Trioceros deremensis, ana pembe kama za mwenzake wa Meru, tena ni wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) moja naye, lakini hutaga vilevile. Kwa hiyo pembe hazikwambii lolote kuhusu uzazi. Ukoo nao una neno: Trioceros kadhaa wa milima ya Afrika Mashariki huzaa, na vinyonga wote wa jenasi Bradypodion kule Afrika Kusini huzaa, ingawa koo hizo mbili haziko karibu. Uzazi huu umetokea zaidi ya mara moja katika historia ya vinyonga.

Gharama yake ni kubwa. Jike mwenye mimba ni mzito, na kinyonga hata akiwa mwepesi hana mbio za kujivunia. Ndege au nyoka akimmeza, kizazi kizima kimekwenda, tofauti na yule aliyekwisha kufukia mayai yake. Kwa mfanyabiashara wa wanyama hai hali hiyo ni faida: amebeba jike mmoja, kumbe anasafirisha familia. Nususpishi nyingine ya kinyonga huyu, ya kutoka Kenya, iliachiwa Hawaii mwaka 1972, na hadi leo inazaliana huko porini. Kwa upande wetu, Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na vinyonga wa Meru waliguswa na katazo hilo, wawe na mimba au wasiwe nayo.